Perseus hakumuua Kronos

Ukiuliza kama kwenye hadithi za kale za Wagiriki shujaa Perseus alimuua Kronos, baba wa mungu mkuu Zeus na kiongozi wa Watitani (miungu wa kizazi kilichotangulia), jibu ni hapana: hilo la Perseus kummaliza Kronos ni la filamu ya Wrath of the Titans (2012) tu. Kwa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, kwenye utenzi wake Theogonia, waliopigana na Watitani ni Zeus na ndugu zake, miaka 10, kisha wakawafungia Tartaros, shimo la chini kabisa kuzimu. Perseus ni mtoto wa Zeus kwa mwanamke aitwaye Danae, yaani mjukuu wa Kronos, na vita hivyo vilikwisha zamani kabla hajazaliwa. Sifa yake ni kumkata kichwa Medusa, jike la kutisha lenye nywele za nyoka, na kumwokoa binti mfalme Andromeda, ambaye alimwoa. Kwenye filamu eti mkewe ni mwanamke mwingine, Io!

Kilichonikera zaidi kwenye filamu hiyo ni Poseidon, mungu wa bahari, na Zeus kufa mmoja baada ya mwingine. Wagiriki waliwaita miungu wao "wasiokufa", sasa hapo umebaki na nini? Filamu iliyoitangulia, Clash of the Titans ya 2010, nayo ilichakachua, ila angalau Medusa alikuwemo.

Kuhusu mwisho wa Kronos, simulizi zinatofautiana: kwa mshairi Pindar hayuko kifungoni, anatawala Visiwa vya Wenye Heri, makao ya watu wema baada ya kufa. Lakini kuuawa na mjukuu wake, hakuna.