Kabla hujanunua feni sita za taa: niliyojifunza kwa kujenga kompyuta mbili

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba kadi yako ya picha inafika nyuzi 84 za Selisiasi unapocheza, kwamba kesi yako, yaani sanduku la kompyuta, ina kioo mbele na ubavuni, na kwamba unataka kununua feni sita zenye taa ili upate urembo na ubaridi kwa pamoja. Nimejenga kompyuta mbili kwa mikono yangu, moja nikiwa Dodoma na nyingine hapa Dar es Salaam, na jambo ambalo ningependa kuambiwa kabla sijatoa hata shilingi ni hili: taa na feni, hata zikifungwa katika fremu moja, ni vitu viwili vyenye umeme tofauti na mahesabu tofauti, na kila kimoja kinapaswa kupangwa peke yake.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linalokusumbua. Ondoa kioo cha mbele, cheza mchezo uleule kwa dakika 20, kisha soma tena joto la kadi. Mimi nilipofanya hivyo kadi ilishuka kutoka nyuzi 83 hadi 75 bila feni mpya hata moja, nikatambua kwamba feni zangu hazikuwa na kasoro, ila zilikuwa zikivuta hewa kupitia mwanya usiozidi upana wa kidole. Ukipata matokeo ya namna hiyo, feni sita nyuma ya kioo kilekile zitakuongezea kelele na kukupa nafuu ndogo sana, na fedha hiyo ni heri uielekeze kwenye kesi yenye wavu mbele. Andika pia joto la chumba kila unapopima. Hapa Dar chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 au 32, na feni haiwezi kukifanya kifaa kiwe baridi kuliko hewa inayokipulizia, kwa hiyo usijipime kwa video za watu wa Ulaya ambao chumba chao kina nyuzi 21. Linganisha tofauti kati ya kadi na chumba. Hiyo ndiyo namba yenye maana.

Katika mpangilio, kwa kesi nyingi feni mbili au tatu za mbele zinazoingiza hewa na moja ya nyuma inayoitoa zinatosha. Upande wenye mikono inayoshikilia mota ndiko hewa inakotokea, na kosa la kugeuza feni ili uso wake mzuri uonekane kupitia kioo nimeliona mara nyingi. Siku hizi zipo feni zenye mapanga yaliyopinduliwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa, basi tafuta hizo kwa sehemu za chini na ubavuni. Feni ya kutoa hewa ukiiweka juu, karibu na mbele, itanyakua hewa baridi kabla haijafika kwenye prosesa, yaani kichakataji kikuu. Njia yangu ya kukagua haina gharama: nawasha kijiti cha udi, nakisogeza taratibu nje ya kesi kwenye kila tundu na kila mwanya, na moshi unanionyesha mahali hewa inapoingia na inapotoka. Mara ya kwanza niligundua kwamba hewa ya moto iliyotoka nyuma ilikuwa ikirudi ndani kupitia nafasi za kadi zilizoachwa wazi.

Nilipokuwa Dodoma nilihakikisha hewa inayoingia inazidi inayotoka, na kila feni ya kuingiza ina kichujio, kwa sababu ziada ile hutoka kupitia mianya midogo na kuzuia vumbi lisipenye humo. Unaposafisha kwa hewa ya mgandamizo, shika mapanga yasizunguke, maana mzunguko wa kasi unaweza kuharibu beringi.

Sasa umeme. Mota ya feni hizi hutumia volti 12. Yenye pini tatu hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti, na yenye pini nne hupokea ishara ya PWM, yaani mapigo ya haraka yanayoiambia izunguke kwa kasi gani, huku volti zake zikibaki palepale, kwa hiyo huweza kuzunguka polepole bila kusitasita. Tundu la feni kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, kwa kawaida hubeba ampea 1. Soma maandishi ya feni zako, jumlisha, na ukikaribia kiwango hicho tumia kigawanyaji kinachopata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kompyuta nzima.

Kwenye taa ndiko watu wanakopata hasara, nami nilikuwa mmoja wao. Kuna mfumo wa RGB wa volti 12 wenye pini nne, ambao taa zake zote huwaka rangi moja kwa wakati mmoja, na kuna mfumo wa ARGB wa volti 5 wenye pini tatu, ambao kila taa hupokea amri yake. Plagi ya ARGB huzibwa tundu moja ili isiingie mahali pa volti 12, lakini mkanda wa taa za ARGB nilionunua ulikuwa na plagi yenye matundu manne yote wazi. Niliuchomeka kwenye pini za volti 12 bila kusoma maandishi yaliyochapishwa kando yake, na taa zote zikafa papo hapo. Tangu siku hiyo sichomeki kitu kabla sijasoma neno «5V» au «12V» kwenye ubao na kwenye plagi yenyewe, na kuhakikisha mshale wa plagi unaelekea pini ya volti hizo.

Piga hesabu pia ya ampea. Taa moja ya aina ya WS2812B, inayotumika sana kwenye ARGB, huhesabiwa takriban miliampea 60 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote. Feni yenye taa 8 ni ampea 0.48, na sita ni 2.88, ilhali tundu la ARGB la mbao mama nyingi huishia ampea 3. Ukiongeza mkanda wowote umevuka mpaka. Kwa upande mwingine, wale wanaosema taa zinachemsha kompyuta hawasemi kweli: ampea 2.88 kwa volti 5 hazifiki wati 15, na kadi ya picha peke yake inaweza kutoa wati 200.

Kuhusu urembo, nashauri rangi moja, nguvu ya theluthi moja, na mkanda uliofichwa nyuma ya ukingo ili mtu aone mwanga bila kuona taa zenyewe. Programu ya OpenRGB, ambayo ni ya bure, huendesha vifaa vya kampuni nyingi kwa pamoja, ila angalia kwanza kama kidhibiti chako kimo katika orodha yake.

Ukishapima ukiwa na kioo na bila kioo, weka hapa namba zote mbili, joto la chumba, na jina la kesi na la ubao mama wako, nami nitakuchorea mahali pa kila feni.