Walirudi kutoka uhamishoni au utumwani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye jumuiya yetu tunasoma Ezra tukakuta "wana wa uhamisho". Mimi uhamisho naujua ule wa mwalimu kupewa barua atoke Tanga aende Kigoma. Si bora tuseme tu utumwa wa Babeli kama tulivyozoea?

Marahaba. Uhamisho ni sahihi kabisa, wa barua na wa Ezra ni neno lilelile. Hama ni uamuzi wako, hamisha kuna mwingine kakuamulia, na Nebukadneza, mfalme wa Babeli, ndo aliwaamulia Wayahudi, mwaka 597 KK halafu tena Yerusalemu ilipochomwa. Hilo limeisha.

Ila huo "utumwa wa Babeli" jamani, nausikia mimbarani, kwenye kwaya, kwenye mafundisho ya watoto, na kila nikiusikia naumia. Utumwa ulikuwa Misri, kule kwa matofali na wanyapara. Fungua Ezra 2 usome mpaka mwisho, najua wengi mnaruka kwa sababu ya majina. Waliorudi na Zerubabeli, kiongozi wao, ni 42,360, na mstari wa 65 unasema walikuwa na watumwa wao, wanaume kwa wanawake, 7,337. Watumwa wao! Ongeza farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435, punda 6,720 na waimbaji 200. Sasa niambie, mtu katoka utumwani lini akiwa na watumwa na ngamia? Hawa walishajenga nyumba na kupanda bustani kulekule Babeli, tena kwa kuambiwa na Yeremia kwenye ile barua yake, sura ya 29.

Utaniambia Ezra mwenyewe kwenye 9:9 anasema "sisi tu watumwa". Ni kweli, lakini hapo wako Yerusalemu tayari, anaongelea kuwa chini ya wafalme wa Uajemi.

Na siyo ubishi wa maneno tu, ukikosea neno somo lenyewe la imani linapotea. Mtumwa akifunguliwa mlango anatoka mbio, imani gani inahitajika hapo? Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipotoa ruhusa ya kurudi 538 KK, waliopanda kwenda Yerusalemu ni wale ambao Mungu aliwaamsha roho zao, ndivyo Ezra 1:5 inavyosema, na wengine wengi walibaki na bustani zao. Kuacha nyumba uliyozaliwa ukaenda kwenye magofu ambayo babu yako tu ndo aliyaona, hapo ndo kuna imani, na ukisema utumwa umeifuta yote.

Ukipenda kusema mateka sawa, Zaburi 126 inasema hivyo. Kwaya zilizokwisha kurekodi nazo nimeshazisamehe, siwezi kupigana na kila spika. Ila wewe unayefundisha jumuiya, sema uhamisho, na mahali sema uhamishoni.