Kwa Unayeanza Kazi ya Huduma za Mahali: Andaa Data Kana Kwamba Hakuna Atakayepiga Simu

Kila anayeletewa mzigo Kisumu anaijua simu hii: "Habari yako mama, nimefika hapa Kondele, wewe uko upande gani?" Mwenye bodaboda ana apu mkononi, lokesheni aliyotumiwa inang'aa kwenye kioo, na bado anapiga. Mteja anamwelekeza: pita kanisa, shuka na barabara ya vumbi, utaona duka la mabati ya kijani, geti nyeusi, ukifika ubipu. Mzigo unafika. Kwenye seva ya kampuni inaandikwa kwamba umefika salama, na wakubwa ofisini wanaamini ramani ndiyo iliyoufikisha.

Nimefanya kazi ya data za mahali kwa miaka kadhaa katika ukanda huu wa ziwa. Kama kuna jambo moja ningependa ulishike kabla ya mengine yote, ni hili: simu ile ya bodaboda imekuwa ikifunika makosa yetu, na huduma zinazokuja hazitapiga simu. Tahadhari ya mafuriko inayotumwa kwa simu zote zilizo karibu na mto Nzoia haimuulizi mtu yuko upande gani wa tuta. Ndege isiyo na rubani iliyobeba damu haitui stejini kuuliza njia. Ambulensi inaweza kupokea nukta, yaani alama ya mahali kwenye ramani, ya mtu ambaye hawezi hata kusema jina lake. Huko ndiko kazi hii inakoelekea, na ndiyo maana nasema uzoee tangu wiki ya kwanza kuandaa data kana kwamba hakuna atakayepiga.

Elewa kwanza nukta inatoka wapi. Setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani wa kutambua mahali, huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, kila moja ikitangaza saa yake. Simu inalinganisha muda uliochukuliwa na ishara za setilaiti nne au zaidi, kisha inakokotoa ilipo. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiichafua makusudi ishara ya raia, hivi kwamba kosa la hadi mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Uchafuzi huo ukaondolewa. Leo simu nyingi husikiliza pia mifumo mingine ya namna hiyo: Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, iliyokamilika 2020. Tangu 2018 zipo simu zinazopokea masafa mawili ya redio kwa pamoja. Hilo linatuhusu sana sisi tulio karibu na ikweta, kwa sababu tabaka la juu la hewa huku huchafuka baada ya jua kutua na kuichelewesha ishara, na masafa mawili hulipunguza kosa hilo. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukuweka ndani ya mita tano hivi za ulipo.

Ila mteja wako hayuko chini ya anga wazi. Yuko ndani ya nyumba ya mabati Nyalenda au Obunga, na mabati huzuia ishara ya setilaiti. Simu yake, bila kumwambia, inageukia njia nyingine: ruta za Wi-Fi zilizo jirani, au mnara wa simu. Ruta nayo ina historia yake. Mpangaji akihama kutoka Nakuru kuja Kisumu na ruta yake begani, kumbukumbu za kampuni za ramani zinaweza kuendelea kwa muda kuamini kwamba ruta iko Nakuru, na simu ya jirani yake mpya ikaamini hivyo hivyo. Mwenye kabambe, ile simu ya vitufe isiyo janja, hana hata kipokezi cha setilaiti. Anakadiriwa kwa mnara anaozungumza nao, na mashambani mnara mmoja hufunika kilomita kadhaa. Ukisogea Busia au Port Victoria, simu inaweza kushika mnara wa Uganda.

Kwa hiyo usihifadhi kamwe latitudo na longitudo peke yake. Hifadhi pamoja nazo upana wa kosa, saa ambayo kipimo kilichukuliwa, na njia iliyotumika. Simu za Android hukupa upana huo kwa mita, na wengi huusoma vibaya. Zikisema mita 20, maana yake ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 68 kuwa mtu yuko ndani ya duara hilo. Takriban mara moja katika kila tatu yuko nje. Ukijua hilo, hutamchorea mteja nukta nyembamba kama sindano wakati simu yenyewe imekiri kwamba inakisia.

Saa ya kipimo nayo ina mambo. Setilaiti hutuma maelezo yake polepole, biti 50 kwa sekunde, kwa hiyo simu isiyo na bando, iliyokuwa imezimwa, huhitaji nusu dakika au zaidi ya kusikiliza kabla ya kujua ilipo. Yenye bando huletewa maelezo hayo na mtandao, ikapata jibu haraka. Apu isiyo na subira huchukua jibu la kwanza linalopatikana, ambalo mara nyingi ni mahali simu ilipokuwa mwisho, labda jana, labda sokoni Kibuye. Ipe simu muda. Na mwambie mtumiaji waziwazi kwamba bado unatafuta, usimwonyeshe nukta ya zamani kana kwamba ni ya sasa.

Nikae kidogo kwenye ikweta, kwa kuwa vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wasioishi juu yake.

Kisumu iko karibu latitudo -0.09 na longitudo 34.77. Ile alama ya kutoa ndiyo inayotuweka kusini. Ikidondoka njiani, kwenye fomu, kwenye lahajedwali, au kwa mtu aliyenakili kwa mkono, Kisumu inaruka kiasi cha kilomita 20 kaskazini na kutua kaunti ya Vihiga. Huko kuna watu, barabara na maduka, kwa hiyo kosa halionekani. Mwenzako aliye Nairobi akipoteza alama hiyo hiyo, nukta zake zinaangukia kaskazini mwa nchi, mamia ya kilomita mbali, na mtu anashtuka mara moja. Nakuru ikipoteza alama inatua karibu na Ziwa Bogoria, na ziwa angalau linamfanya mtu aulize. Yetu inapendeza macho. Hiyo ndiyo hatari yake.

Tena kuna programu zinazoanza na latitudo na nyingine zinazoanza na longitudo. Faili za GeoJSON, zinazohifadhi data za ramani, kwa mfano, hutanguliza longitudo. Ukigeuza namba za Kisumu, unajikuta Algeria, si mbali na mji wa Saïda. Hilo utaliona. Kosa la tatu ni gumu zaidi: Maseno, ambako barabara ya Busia inavuka ikweta, latitudo ni sifuri au karibu nayo. Waandishi wengi wa programu huandika kwamba sifuri ni sawa na hakuna kitu. Basi mteja wa Maseno anatuma mahali alipo, namba inafupishwa kuwa 0.00, na mfumo unamjibu kwamba hajajaza. Ukiandika programu, tofautisha sifuri na pasipojazwa. Ukiwa hujui kuandika programu, wadai walioiandika waijaribu kwa nukta za Maseno, pande zote mbili za ikweta.

Njia rahisi ya kukagua ni misimbo ya Plus Codes, anwani fupi za herufi na namba zinazotokana na latitudo na longitudo. Msimbo kamili wa mahali popote mjini Kisumu huanza na 6GFP. Vihiga na Kakamega, kaskazini mwa ikweta, huanza na 6GGP. Mzigo wa mtaa wa Milimani, Kisumu, ukija na 6GGP, usiutume.

Tumebarikiwa pia kwa upande mwingine. Hapa kwetu digrii moja ya longitudo ina urefu ule ule wa digrii ya latitudo, kama kilomita 111, kwa hiyo hesabu ya umbali kichwani ni nyepesi. Desimali ya tatu ni mita 111, ya nne ni 11, ya tano ni mita moja na kitu. Zikariri, utazihitaji baadaye nikifika kwenye siri za watu.

Ziwani mambo yanageuka. Mvuvi aliyetoka Dunga au Usenge yuko chini ya anga wazi kabisa, kwa hiyo setilaiti anazipata vizuri kuliko mtu yeyote mjini, lakini mtandao unamkatikia. Watu wengi, hata waliosoma, wanadhani bila bando simu haijui ilipo. Inajua. Inachokosa ni picha ya ramani na njia ya kumwambia mwingine. Ukitengeneza chochote kwa ajili ya mvuvi, ramani ikae ndani ya simu kabla hajaondoka ufuoni, na vipimo vijihifadhi mpaka mtandao urudi. Ukirudi, vipimo vitafika kwa mkupuo, na ofisini mtu asiyejua ataona boti iko pale ilipokuwa saa nne zilizopita na kutuma msaada huko. Katika kazi ya uokoaji, saa ya kipimo ina uzito kama mahali penyewe.

Sasa majina. Kenya anwani ya posta ni sanduku. 40100 inafikisha barua posta ya Kisumu, na hapo safari yake inaishia. Mlango unafikiwa kwa majina ya watu: steji, kanisa, kisima, mti, duka lililofungwa zamani ambalo steji bado inaitwa kwa jina lake. Ukisikia "Kondele" uliza kama ni soko, mtaa, au mzunguko wa barabara. Huo si uchafu wa kusafishwa kwenye data. Andika majina yote ambayo watu wanayatumia kwa mahali pamoja, ya Kiluo, ya Kiluhya, ya Kiswahili, tahajia zote, na uyaunganishe na nukta moja. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inakubali majina mbadala ya namna hiyo, na mtu yeyote wa Manyatta anaweza kuyaingiza bila kuomba ruhusa ya kampuni. Kazi hiyo hailipi haraka, lakini sijaona shule bora kuliko hiyo kwa anayeanza.

Na ukipiga nukta, ipige getini. Mashine zinazochora majengo kutokana na picha za angani huweka nukta katikati ya paa, na katikati ya paa hakuna mlango. Boma likiwa na lango upande wa nyuma, ambulensi itasimama mbele ya ukuta huku mgonjwa yuko hatua chache tu ndani. Bondeni Kano, ongeza swali moja: njia hii hupitika mvua ikinyesha? Udongo mweusi wa huko hukwamisha hata trekta, na hakuna setilaiti itakayokuambia hilo. Mama mboga wa pale atakuambia.

Kuhusu siri za watu sitazunguka. Anayejua simu yako iko wapi kila usiku anajua unapolala, na akijua ilipo kila Jumanne asubuhi anaweza kujua unaugua nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru, ofisi ya Kamishna wa Data inapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Hicho ni kiwango cha chini. Mimi nasema uende mbele zaidi: nukta ya nyumbani kwa mteja isibaki kwenye simu ya mwenye bodaboda baada ya mzigo kufika. Nimeona wanawake wakisumbuliwa na mtu aliyewaletea chakula mara moja tu. Ukitaka kujua mtaa upi unaagiza sana, desimali tatu zinatosha, mita 111. Huhitaji mlango wa mtu ili kuhesabu oda. Bosi akisema hifadhi zote, huenda zitafaa siku moja, muulize zitafaa kwa kazi gani na zitafutwa lini, na umwombe jibu kwa maandishi.

Kama umepata nafasi kwenye mradi wowote wa tahadhari za mafuriko, Budalang'i, Nyando au Ahero, ikubali hata kama malipo ni madogo. Hapo utajifunza yote niliyoyasema kwa pamoja. Ujumbe ukirushwa kutoka mnarani unafika hata kwa kabambe, lakini unawafikia walio bondeni na walio mlimani sawasawa, na mlimani wakishaupokea bure mara kadhaa wanaacha kuusoma. Ukitumwa kwa nukta, unawakosa wasio na simu janja. Kwa hiyo kaa na naibu chifu na wazee wa nyumba kumi, upate majina ya vijiji kama wenyewe wanavyoyasema, nyumba zipi hufikiwa na maji kwanza, na nani hana simu kabisa. Liandike jina la jirani atakayemgongea mlango huyo asiye na simu, kwa ridhaa ya wote wawili, na ulihakikishe upya kabla ya mvua za Machi kuanza.