Re: Nikiwa Tabata naweza kuona nyota ikizibwa na gimba la barafu?

Mkuu, kwa darubini ya inchi 8 gimba lenyewe, huko nyuma ya Neptuni, hulioni. Unakodolea macho nyota: inazimika ghafla, sekunde kadhaa, inawaka tena. Taa za mjini si tatizo kubwa kama nyota inang'aa vya kutosha. Mawingu ya Dar ndiyo balaa.

Rekodi video, na saa uichukue kwenye GPS. Kivuli cha gimba hupita juu ya Dunia kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea nusu sekunde umepotosha kipimo cha gimba kwa kilomita 10. Na usiharakishe kuzima kamera! Pete ya Haumea, sayari kibete ya huko huko nyuma ya Neptuni, ilinaswa mwaka 2017 kwa nyota kufifia kidogo kabla na baada ya kuzibwa. Nyota isipozimika hata kidogo, tuma rekodi kwa wanaastronomia hivyo hivyo, inasaidia kujua kivuli kiliishia wapi.