Mbunge wetu amehama chama, na kiti amebaki nacho

Mjomba, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti niliupata alfajiri nikitoka zamu ya usiku, nikausikiliza mara mbili ndani ya gari huku nikisubiri barafu iyeyuke kwenye kioo cha mbele. Umesikia kwamba mbunge wa jimbo ninaloishi alichaguliwa kwa tiketi ya chama kimoja, akahamia kingine kabla mwaka haujaisha, na bado anaitwa mheshimiwa. Nawe unauliza kama hiyo ndiyo demokrasia ambayo wakubwa hawa hutuhubiria kila siku. Vijana wa barazani nao wamechomekea lao, kwamba eti Kanada kura haina ukabila. Nitawajibu bila kupamba, maana nimekwisha kuchoka na picha za ughaibuni zinazopigwa penye theluji safi tu.

Ninaishi Markham, mji wa pembezoni kaskazini mwa Toronto, katika jimbo la uchaguzi linaloitwa Markham–Unionville. Wakazi wengi hapa ni watu wenye asili ya China, na wapo pia wa asili ya India, Sri Lanka na kwingineko. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabika kwa vidole. Duka ninalonunulia samaki huandika bei kwa Kichina kwanza, Kiingereza baadaye. Kwa hiyo vijana wajue kwamba vyama hapa hutazama asili ya mtu bila haya. Katika uchaguzi wa tarehe 28 Aprili 2025, Chama cha Liberal kilikuwa na Paul Chiang, polisi mstaafu aliyekuwa mbunge tangu 2021, na Wahafidhina wakamsimamisha Michael Ma, mzaliwa wa Hong Kong. Wote wawili ni wenye asili ya Kichina. Tofauti na tuliyoyazoea ni kwamba wagombea wakuu wanapokuwa wa asili moja, hesabu ya asili haikupi mshindi, na watu hurudi kubishana juu ya bei ya nyumba na kodi.

Kampeni hiyo, hata hivyo, ilitiwa doa na jambo ambalo sikulitarajia. Mwezi Januari, akizungumza na vyombo vya habari vya Kichina, Chiang alikuwa amesema kwamba mtu angeweza kumpeleka Joe Tay, mkosoaji wa serikali ya Hong Kong na mgombea wa Wahafidhina katika eneo la jirani, hadi ubalozi mdogo wa China mjini Toronto na kujipatia zawadi ya dola milioni 1 za Hong Kong ambayo polisi wa huko walikuwa wameitangaza kwa atakayesaidia kumkamata. Maneno hayo yalipofichuka mwezi Machi aliomba radhi, na kiongozi wa chama chake, Mark Carney, akasimama naye kwa siku chache. Lakini polisi wa shirikisho walipotangaza kwamba wanalichunguza suala hilo, aliachia ngazi usiku wa tarehe 31. Nafasi yake ikachukuliwa na Peter Yuen, naye polisi mstaafu mwenye asili hiyohiyo.

Jirani yangu wa mbele, mzee aliyetoka Hong Kong, alikuwa amesimika bango la bluu la Wahafidhina kwenye majani ya uwanja wake. Siku moja nikitaka kupiga picha ya mtaa niwatumie, aliniomba taratibu nisubiri aingie ndani kwanza, kwa sababu dada yake angali anaishi kule. Hapo nilielewa kwamba mtu anaweza kuvuka bahari na hofu ikavuka naye, akawa na pasipoti mpya na bado akawa anapima nani anamtazama akiwa karibu na kibao cha plastiki.

Kupiga kura kwenyewe hakuna la kusimulia sana. Nilikwenda mapema, siku ya Ijumaa Kuu, nikapanga foleni ndefu, nikaonyesha leseni ya udereva, nikapewa karatasi moja tu, ya mbunge, kwa sababu Waziri Mkuu hapa hapigiwi kura na nchi nzima. Unatia alama kwa penseli nyuma ya kadibodi, unakunja, unatumbukiza katika sanduku la karatasi ngumu. Binamu alinidai picha ya kidole chenye wino, wino haupo. Kabla ya hapo nililipa kodi miaka mingi bila kura, kwa kuwa sikuwa raia, na hilo pia ni sehemu ya ughaibuni.

Ma alishinda. Kitaifa chama cha Carney kilipata viti 169 kati ya 343, pungufu ya viti 3 ili kiwe na wingi. Desemba 2025 Ma akavuka upande na kujiunga na chama hichohicho alichokishinda hapa, naye akawa wa pili kufanya hivyo ndani ya miezi miwili, chama tawala kikawa kimepungukiwa kiti kimoja tu kufikia wingi.

Kwetu Tanzania, mjomba, Katiba inasema mbunge akiacha chama chake ameacha na kiti. Ndiyo maana wale waliotoka upinzani kwenda chama tawala “kuunga mkono juhudi” za Rais Magufuli iliwabidi wajiuzulu na uchaguzi mdogo ukaitishwa, kwa fedha za walipa kodi, na wengi wao wakarudi bungeni wakiwa na shati la rangi nyingine. Hapa sheria humtambua mbunge kwa jina lake, chama kikiwa kama koti tu. Ukiniuliza, naona hapa mpiga kura amedhulumiwa, maana wengi walitazama koti. Lakini pia nakumbuka kwamba kwetu chama kikimfukuza mbunge uanachama, ubunge nao humponyoka, na kwa kamba hiyo shingoni ni wachache wanaothubutu kusimama bungeni na kumpinga mwenyekiti wao.

Yule mzee wa mbele nilimuuliza anaonaje. Alicheka kidogo, akanionyesha lile bango la bluu: amelilaza mlangoni mwa gereji, anapangia juu yake mabuti yenye theluji.