Mwandishi wa skripti, nenda kakae studio kwanza

Nimeandika skripti za redio na TV kwa miaka kadhaa sasa, na kama kuna kitu natamani mtu angeniambia mwanzoni ni kwamba skripti haiandikwi ili isomwe, inaandikwa ili ifanyiwe kazi. Kila mstari unaouweka kuna mtu atahangaika nao asubuhi nzima akitafuta namna ya kuufanya usikike au uonekane, na kama hujui hata kidogo kinachoendelea studio au lokesheni utawatesa watu bila kukusudia.

Skripti yangu ya kwanza ya redio ilikuwa na maelekezo haya: mama anaitazama barua, machozi yanamlengalenga, anaificha chini ya godoro. Niliipenda sana hiyo sehemu. Siku ya kurekodi fundi wa sauti akasimamisha kazi akaniuliza kwa upole kabisa, sasa hii msikilizaji anaisikiaje? Waigizaji wako mbele ya maiki wananiangalia mimi, na hapo ndo nikaona kwamba sini nzima, yani kile kipande chote cha hadithi kinachotokea mahali pamoja, haipo, msikilizaji angepata ukimya wa sekunde kumi halafu mtu anaingia kuomba chai. Tukaibadilisha palepale. Bahasha inachanwa, mama anasoma maneno manne kwa kunong'ona anakatiza katikati, mlango unagongwa, karatasi inakunjwa harakaharaka, chaga za kitanda zinalia, ndipo anaitika "Ingia" kwa sauti iliyokauka. Godoro halikutajwa popote ila kila aliyesikiliza alijua barua iko wapi.

Toka siku hiyo nikawa nakaa chumba cha mitambo kila nikipata nafasi, na nakushauri ufanye hivyo hivyo hata kama hulipwi. Redio ina vitu vinne tu, sauti ya mtu, sauti za vitu, muziki na ukimya, lakini hivyo vinne vina mambo mengi ndani yake. Umbali wa mwigizaji na maiki peke yake unakupa picha: akiwa karibu kabisa anasema kwa pumzi ni kama yuko ndani ya kichwa chako, akirudi hatua tatu na kugeuka pembeni tayari yuko mlangoni. Kwa hiyo andika, "anasogea kutoka mbali", usiandike tu "anaingia". Halafu kuna kitu wengi hatukijui mpaka tukisikie, sauti ya kitu ikiwa peke yake haijitambulishi. Mafuta yanayokaanga na mvua inayonyesha vinafanana sana kwenye spika! Mtu lazima aseme neno kabla, mfano "ingiza nguo ndani, wingu hilo", baada ya hapo hata sauti hafifu inatosha na sikio la msikilizaji linamalizia lenyewe. Na usimjazie sauti kila mahali, chagua moja au mbili zinazobeba sini.

Wahusika nao. Ukiweka wanaume watatu wa umri mmoja kwenye mazungumzo ya dakika mbili msikilizaji ameshapotea, changanya umri, changanya namna ya kuongea, na mhusika akikaa muda mrefu bila kusema kitu basi kwa redio ameshatoka chumbani, mpe hata kikohozi au mtu amtaje jina. Huko nyuma mwaka 1924 BBC ilirusha mchezo wa redio wa mwandishi Richard Hughes ambao watu wamekwama kwenye mgodi wa makaa ya mawe taa zimezimika, yani wahusika hawaoni na msikilizaji haoni, wote wako kwenye giza moja. Mi naona huo ni uandishi wa mtu aliyeielewa redio kabla hajashika kalamu.

TV ni habari nyingine maana huko kinachokubana ni siku na watu. Kipimo cha kawaida ni kwamba ukurasa mmoja uliopangwa vizuri, herufi za Courier saizi 12, unakaribia dakika moja ya picha, na wanaopanga ratiba wanaugawa huo ukurasa vipande 8 kujua kila sini inachukua kiasi gani. Kile kichwa cha sini, NDANI au NJE, mahali, MCHANA au USIKU, kwako ni mstari mmoja lakini kwao ni taa, gari, vibali na watu kukesha. Kabla ya kushuti wanaichambua skripti sini kwa sini wanaorodhesha waigizaji, nguo, vifaa, watoto, wanyama, umati. Nilishaandika "mvua kubwa inanyesha" kwenye sini ya kurasa tano nje usiku, na prodyuza akaniuliza kama hadithi inaihitaji kweli hiyo mvua. Haikuihitaji. Tuliwaweka wahusika barazani wanasubiri ikatike, ikabaki sauti ya mvua tu na maji machache yakidondoka mbele ya kamera, na mazungumzo yakawa mazuri zaidi coz walikuwa hawana pa kwenda.

Pia sini hazishutiwi kwa mpangilio wako, za mahali pamoja hushutiwa pamoja, kwa hiyo jeraha la mkono lililotokea sini ya 4 litaje tena kwenye sini ya 19, usimwachie mtu abahatishe.

Kuhusu shoti, yani picha moja moja zinazochukuliwa na kamera, jifunze shoti pana, ya kati na ya karibu, lakini usimpangie dairekta kila kitu. Ukiandika "kidole gumba kinazungusha pete" anajua mwenyewe kwamba kamera isogee karibu. Ila ukiandika "anakumbuka utoto wake" umemwacha mikono mitupu, hakuna lenzi ya kushika hicho kitu. Kwa makala na matangazo skripti ya safu mbili ndo inasaidia, picha kushoto sauti kulia, ukiona safu zote zinasema jambo lilelile futa moja.

Na soma kwa sauti ukiwa na saa, siyo kimoyomoyo, kimoyomoyo tunakimbia sana.

Mwisho kakae na edita. Utaona anachokata mara nyingi ni salamu za mwanzo wa sini na maneno ya kuagana. Sasa hivi nikimaliza rasimu ya TV nafunika kwa kiganja mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila sini naangalia kama bado inasimama. Ya redio mstari wa kwanza nauacha, kwa sababu huo ndo unaomwambia msikilizaji yuko wapi.