Kichwa cha habari hakikuwa changu, deni likawa langu

Stori yangu ya wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ililipwa shilingi 150,000. Barua ya wakili iliyofuata ilidai milioni 20.

Nilikuwa nimeandika kwamba baadhi ya wapagazi wanalalamikia posho kuchelewa. Mhariri akaweka kichwa "Kampuni yadhulumu wapagazi", na picha ya gari lenye nembo ya kampuni ambayo sikuitaja popote. Mimi nilikuwa Moshi, Mbuyuni, nakunywa chai. Barua ilipomfikia mhariri, akanitumia picha ya mkataba niliousaini kwenye simu nikiwa ndani ya Coaster ya Arusha: mwandishi atabeba madai yote, hasara zote na gharama zote zitakazotokana na kazi yake.

Wadogo zangu mnaoanza kuuza stori, kitafuteni kifungu hicho. Hakina jina moja. Kwingine "fidia", kwingine "kinga dhidi ya madai", na hukaa chini ya malipo, macho yakishachoka. Wala msijipe moyo kwa sababu marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Huduma za Habari yaliiondoa kashfa kwenye makosa ya jinai. Kesi ya madai ipo palepale, na aliyekashifiwa anaweza kukushtaki wewe moja kwa moja, mkataba useme usiseme.

Siku hizi siahidi kwamba stori haitamkashifu mtu yeyote. Nani anaweza kuahidi hivyo? Naandika "kwa kadiri ninavyofahamu". Naomba nidaiwe baada ya hukumu ya mahakama tu, si kwa kila barua ya vitisho, na isizidi nilicholipwa. Hayo nikibembelezwa nalegeza. Nisicholegeza ni hiki: mwandishi hatawajibika kwa kichwa, picha wala mabadiliko yaliyofanywa bila ridhaa yake ya maandishi. Wengi hukubali bila ubishi, maana mkataba wenyewe walinakili mahali. Mmoja alikataa. Stori ilikuwa ya maonyesho ya kahawa, nikasaini. Ingekuwa ya mgogoro wa ardhi, ningeondoka.

Ukiandikia gazeti la London, angalia pia kesi itasikilizwa mahakama gani. Mimi hata kuwazia nauli ya kwenda kusikiliza kesi yangu Arusha kulinisumbua kichwa.

Kilichoninusuru ni baruapepe niliyoitumia kumtumia mhariri stori, yenye kichwa changu, tarehe na saa. Nilimpelekea mhariri nakala. Hakunidai tena, wala hakunipa kazi nyingine.